Philip Gosse: Karani aliyeileta bahari sebuleni

MEI mwaka 1853, katika bustani ya wanyama ya Regent's Park jijini London, lilifunguliwa jengo la vioo ambalo halikuwa na simba wala tembo. Kilichokuwamo ni matangi ya maji, na ndani ya matangi hayo walikuwamo samaki, kaa, kamba, konokono na anemoni wa baharini, wote wakiwa hai, mbali kabisa na bahari.

Watu walimiminika kwenda kutazama. Wengi wao walikuwa hawajapata kumwona samaki wa baharini akiogelea. Walimjua akiwa juu ya sahani, au akiwa amelala katika tenga la mchuuzi, jicho limeingia ukungu.

Wengi wa viumbe wa baharini waliowekwa katika jengo hilo walikuwa wamekusanywa na mtu mmoja, Philip Henry Gosse. Alikuwa na umri wa miaka 43, mwenye maumivu ya kichwa yasiyokwisha, mcha Mungu wa msimamo mkali, na hakuwa amekanyaga darasa la chuo kikuu. Mwaka mmoja baadaye kitabu chake kingeifanya Uingereza nzima itamani kuwa na bahari sebuleni.

Gosse alizaliwa Aprili 6, mwaka 1810, katika mji wa Worcester. Baba yake, Thomas, alikuwa mchoraji wa picha ndogo ndogo za sura za watu, mtu wa kutembea mji hadi mji akitafuta wateja, na mara nyingi hakuwapata. Familia ilihamia Poole, mji wa bandari kusini mwa Uingereza, na huko ndiko mtoto huyo alikokulia.

Shangazi yake mmoja aliyependa elimu ya viumbe ndiye aliyemfungua macho. Alimwonyesha jinsi kiwavi anavyogeuka kipepeo, na jinsi anemoni anayeokotwa ufukweni anavyoweza kukaa hai katika chombo chenye maji ya chumvi. Ni jambo dogo kwa mtoto, lakini Gosse hakulisahau.

Umaskini haukumruhusu kuendelea na shule. Akiwa na miaka 15 aliajiriwa kuwa karani katika ofisi ya wafanyabiashara mjini Poole, na mwaka 1827 akapelekwa ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, Carbonear, katika kisiwa cha Newfoundland, kuandika hesabu za wafanyabiashara wa samaki na mafuta ya sili. Alikaa huko miaka minane.

Mwaka 1832 alinunua mnadani kitabu cha zamani kuhusu hadubini. Tangu siku hiyo alijihesabu kuwa mtaalamu wa wadudu, ingawa hakuna aliyemteua. Mchana aliandika hesabu, na muda uliobaki alikusanya wadudu na kuwachora kwa rangi za maji, kazi ya mkono aliyoirithi kwa baba yake.

Hakuwa na bahati na fedha. Mwaka 1835 alikwenda Compton, Canada, kujaribu ukulima, na kwa miaka mitatu shamba halikumlipa. Mwaka 1838 akashuka hadi Alabama, Marekani, akafundisha watoto wa wenye mashamba ya pamba kwa miezi minane. Alichora vipepeo na nondo wa huko kwa ustadi mkubwa. Lakini pia aliona jinsi watumwa walivyochapwa mijeledi, na jambo hilo lilimkera mno. Mwaka 1839 alirudi kwao akiwa maskini kama alivyoondoka, isipokuwa kwamba ndani ya meli alikuwa ameandika kitabu chake cha kwanza, kuhusu viumbe wa Canada.

Safari iliyompatia jina miongoni mwa wanasayansi ni ile ya Jamaica, alikokwenda mwaka 1844 na kukaa miezi 18 akikusanya ndege. Inafaa ikumbukwe kwamba kazi hiyo hakuifanya peke yake. Kijana Mweusi wa kisiwani, Samuel Campbell, alikuwa mkono wake wa kulia katika kutafuta ndege, naye Richard Hill, hakimu mwenye asili ya Afrika na Ulaya, alimpa maarifa mengi. Kitabu kuhusu ndege wa Jamaica kilipotoka mwaka 1847, jina la Hill lilichapishwa kwenye ukurasa wa mbele. Kwa zama zile halikuwa jambo la kawaida.

Novemba 1848 Gosse alimwoa Emily Bowes, mwandishi wa vijitabu vya dini aliyekuwa na umri wa miaka 42. Wote wawili walikuwa waumini wa Brethren, madhehebu ya Kikristo yasiyo na makasisi na yanayoishika Biblia neno kwa neno. Mtoto wao wa pekee, Edmund, alizaliwa Septemba 1849. Siku hiyo, katika shajara yake, baba aliandika kwa pumzi moja kwamba mkewe amejifungua mtoto wa kiume na kwamba amepokea mbayuwayu wa kijani kutoka Jamaica. Edmund alipokua aliisimulia habari hiyo bila kinyongo, ila msomaji anaweza kujiuliza.

Kazi nyingi ya kuandika na kuchungulia hadubini ilimchosha mno, na mwaka 1852 ilibidi aondoke London kwenda pwani ya Devon kupumzisha kichwa. Hakupumzika. Maji yalipokupwa, hasa nyakati za bamvua, alishuka miambani akiwa na patasi, nyundo, mitungi na chupa, akaingia vidimbwini hadi kiunoni. Alibandua vipande vya mwamba vyenye mwani na anemoni, akarudi navyo nyumbani kuvitazama kwa siku kadhaa.

Tatizo lilikuwa moja: viumbe hao walikufa haraka. Maji ya bahari yaliyotulia ndani ya chombo huchafuka, hunuka, na kila kilichomo huangamia.

Waliotangulia

Gosse hakuwa wa kwanza kuhangaika na swali hilo. Mwanamke Mfaransa, Jeanne Villepreux-Power, aliyeanza maisha akiwa mshonaji wa nguo, alitengeneza matangi ya kioo huko Messina, Sicily, mwaka 1832. Kwa kutumia matangi hayo alithibitisha kwamba agonauti, aina ya pweza anayeonekana na gamba jembamba kama karatasi, hulijenga gamba hilo mwenyewe na hamwibii mnyama mwingine.

Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi wa London, alileta matumbawe hai kutoka Torquay. Aliyatunza kwa kumtaka mtumishi wake wa ndani ayamimine maji kutoka chombo kimoja hadi kingine karibu na dirisha, kwa nusu saa au zaidi kila siku, ili yapate hewa. Kwamba jina la mtumishi huyo halitajwi katika historia ya sayansi si ajabu, lakini mikono yake ndiyo iliyofanya kazi ambayo leo hufanywa na pampu ya umeme.

Mkemia Robert Warington alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1849 aliweka samaki wa dhahabu katika chombo chenye maji baridi pamoja na jani la majini liitwalo Valisneria. Mmea ulitoa oksijeni na samaki akavuta pumzi. Lakini majani yaliyokufa yalioza na kuyachafua maji. Warington akaongeza konokono. Konokono wakala majani yaliyooza, wakataga mayai, na mayai hayo yakawa chakula cha samaki. Maji yakakaa safi kwa miezi bila kubadilishwa, naye akayaandika matokeo yake mwaka 1850.

Gosse alikuwa akifanya majaribio ya aina hiyohiyo kwa maji ya bahari, akitumia mwani mahali pa mimea ya maji baridi. Tofauti yake na wenzake ni kwamba alijua kuandika kwa ajili ya watu wa kawaida. Kitabu chake cha mwaka 1853 kuhusu pwani ya Devon kilieleza namna ya kuwaweka viumbe wa baharini hai kwa kutumia mwani. Mwaka 1854 akatoa kitabu kizima kuhusu jambo hilo, chenye picha za rangi alizochora mwenyewe, na akakipa jina *The Aquarium*.

Neno hilo lenyewe lilihitaji uamuzi. Kabla yake watu walisema vivariamu, au neno refu zaidi la kuunganisha maji na uhai, ambalo lilisumbua ulimi. Gosse alichagua akwariamu kwa kuwa ni fupi na rahisi kutamka. Kwa Warumi wa kale neno hilo lilimaanisha mahali pa kunyweshea ng'ombe, lakini hilo halikumsumbua mtu, na leo neno hilo linatumika karibu duniani kote.

Mashauri aliyoyatoa kwa wafugaji bado yanafaa. Tangi lisiwekwe kwenye jua kali. Mwani utangulie na kuachwa siku kadhaa kabla ya kuingiza mnyama yeyote. Wanyama wawe wachache, na anayekufa aondolewe mara moja. Maji yakipungua kwa kukauka yaongezwe maji baridi, si ya chumvi, kwa sababu maji ndiyo yanayopaa hewani na chumvi hubaki. Kosa hili la mwisho linaweza kuua samaki wa wanaoanza ufugaji hata sasa.

Kwa wakazi wa miji ya bara, waliokuwa mbali na bahari, alipata njia nyingine. Mwaka 1854 alitangaza mchanganyiko wa maji ya bahari ya kutengeneza: chumvi ya kawaida ya mezani kwa sehemu kubwa, kisha magnesia ya haluli, kloridi ya magnesi na kloridi ya potasi kidogo, vyote vikiyeyushwa katika maji baridi. Aliweka mwani kwanza, kisha wanyama, nao wakaishi. Paketi za chumvi zinazouzwa leo katika maduka ya samaki wa mapambo zina viambato vingi zaidi, ila msingi wake ni huohuo.

Jambo ambalo hakulijua, wala Warington, ni kwamba mwani haukuwa ukifanya kazi peke yake. Juu ya mawe na mchanga wa tangi huishi bakteria ambao hubadili amonia, sumu itokanayo na kinyesi na uozo, kuwa nitriti na hatimaye nitreti isiyo na madhara makubwa. Sayansi iliwatambua bakteria hao miaka mingi baadaye. Tangi la Gosse lililokaa siku kadhaa bila wanyama lilikuwa likiwapa nafasi ya kuanza kazi bila mwenyewe kufahamu.

Kila nyumba na tangi lake

Kilichofuata ni wazimu wa taifa. Ushuru mzito wa vioo ulikuwa umefutwa mwaka 1845, hivyo vioo vilipatikana kwa bei nafuu, na reli ilikuwa imekwisha kuunganisha London na pwani. Familia za tabaka la kati ziliweka matangi dirishani kando ya piano. Maduka ya viumbe wa baharini yalifunguliwa. Maarufu kati yao lilikuwa la William Alford Lloyd jijini London, ambaye baadaye alisimamia ujenzi wa matangi makubwa ya maonyesho Hamburg na Crystal Palace.

Gosse alikitumia kipindi hicho vizuri. Mwaka 1855 alitoa kitabu kidogo cha maelekezo, na mwaka huohuo akaendesha madarasa ya ufukweni mjini Ilfracombe, akiwaongoza mabibi na mabwana miambani huku akiwatajia jina la kila kiumbe. Mwaka 1856 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya kuu ya wanasayansi wa Uingereza. Karani wa Carbonear alikuwa amefika.

Furaha hiyo haikudumu hata mwaka. Mwaka 1856 Emily aligundulika kuwa na saratani ya titi. Badala ya kisu, wanandoa hao walikubali tiba mpya ya daktari wa Kimarekani aliyekuwa London, ya kupaka dawa inayounguza nyama. Ilikuwa miezi ya mateso makubwa. Emily alifariki Februari 1857, akimwacha mtoto wa miaka saba. Kabla ya kuaga dunia alimsihi mumewe amlee Edmund katika imani.

Gosse alihamia moja kwa moja St Marychurch, Devon, na mtoto wake. Mwishoni mwa mwaka huohuo alichapisha kitabu ambacho kiliharibu sifa yake kwa miaka mingi, *Omphalos*, neno la Kigiriki linalomaanisha kitovu.

Hoja yake ilikuwa hivi. Wanajiolojia walikuwa wakionyesha kwamba dunia ni kongwe kuliko hesabu za Biblia, na visukuku vilivyomo miambani vilikuwa ushahidi. Gosse, ambaye hakutaka kuacha sayansi wala Kitabu cha Mwanzo, alisema kila kiumbe kikiumbwa ghafla lazima kiwe na dalili za zamani ambazo hazikuwapo. Adamu alikuwa na kitovu ingawa hakuzaliwa na mwanamke. Mti wa kwanza ulikuwa na pete za miaka ndani ya shina. Vivyo hivyo dunia iliumbwa na visukuku vyake tayari.

Aliamini amewapatanisha wanasayansi na wachungaji. Kinyume chake, pande zote mbili zilimkataa. Rafiki yake, kasisi na mwandishi Charles Kingsley, aliyekuwa mmoja wa wapenzi wakubwa wa vitabu vyake vya pwani, alimwandikia kwamba hawezi kuamini kuwa Mungu ameandika uongo miambani. Kitabu hakikununuliwa, na nakala nyingi ziliishia kuwa taka za karatasi. Miaka miwili baadaye Charles Darwin akatoa kitabu chake kuhusu asili ya spishi, na swali la Gosse likapitwa na wakati.

Mtu mwingine angeweka kalamu chini. Yeye alirudi vidimbwini. Kati ya mwaka 1858 na 1860 alitoa, kwa sehemu, kazi yake iliyo bora pengine kuliko zote, historia ya anemoni na matumbawe ya Uingereza, yenye picha za rangi ambazo hadi sasa hutazamwa kwa heshima. Mtoto Edmund alikuwa msaidizi wake, akiinama naye miambani asubuhi, akichora naye jioni.

Lakini miamba yenyewe ilikuwa ikibadilika. Waliosoma vitabu vya Gosse walikuja na nyundo na ndoo zao. Wauzaji wa London walituma watu wa kukusanya kwa wingi. Kipande cha mwamba chenye anemoni mmoja kilibanduliwa pamoja na viumbe wengine wasiohesabika, na wengi wao walikufa ndani ya mitungi kabla treni haijafika. Vidimbwi vilivyokuwa kama bustani mwaka 1852 vilibaki mawe matupu na mchanga.

Wenye matangi nao walichoka upesi. Kuliweka tangi la maji ya chumvi katika hali nzuri kunahitaji uvumilivu, na wengi walikuwa na fedha bila uvumilivu. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1860 mtindo huo ulikuwa umepoa, na matangi mengi yalipandwa madoa ya kangaga au kutupwa. Pwani haikurudishiwa kilichochukuliwa.

Edmund Gosse, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, aliyaeleza hayo mwaka 1907 katika kitabu chake kuhusu maisha yake na baba yake, kitabu ambacho leo kinajulikana kuliko chochote alichoandika mzee huyo. Anasema baba yake aliishi hadi kuuona uharibifu huo, na kwamba ulimtia uchungu mwingi, kwa kuwa alijua ni vitabu vyake vilivyowaelekeza watu. Kitabu hicho kinamchora mzee huyo kuwa baba mkali aliyeitawala roho ya mwanawe kwa jina la dini. Wanahistoria wa baadaye wameona kwamba Edmund alitia chumvi mahali pengi, kwani barua na kumbukumbu nyingine zinamwonyesha Gosse kuwa mtu mwenye utani na upole nyumbani. Kuhusu miamba ya Devon, hata hivyo, wachache wamembishia.

Mwaka 1860 Gosse alioa tena. Mkewe wa pili, Eliza Brightwen, alimpa nyumba yenye utulivu, na fedha hazikuwa tatizo tena. Aliotesha maua ya okidi katika nyumba ya vioo na kuandikiana barua na Darwin kuhusu maua hayo, watu wawili wasiokubaliana juu ya mwanzo wa dunia wakiulizana habari za chavua. Uzeeni alirudia hadubini, akajitia katika uchunguzi wa rotifera, vijidudu vya majini visivyoonekana vizuri kwa macho. Kitabu kikubwa alichokiandika pamoja na C. T. Hudson kuhusu vijidudu hivyo kilitoka mwaka 1886, akiwa na miaka 76.

Miaka yote hiyo alitarajia kwamba Yesu Kristo angerudi kabla yeye hajafa, na kwamba hangepita kaburini. Katika majira ya baridi alishikwa na mkamba, inaelezwa kuwa ni baada ya kukaa kwenye dirisha wazi usiku akiitengeneza darubini yake ili azitazame nyota. Hakupona sawasawa. Alifariki Agosti 23, mwaka 1888, akiwa na umri wa miaka 78, na waliokuwa karibu naye walisema kwamba kufa kulimkatisha tamaa.

Biashara ya samaki wa mapambo imekuwa ya dunia nzima tangu hapo. Samaki wa Ziwa Tanganyika na wa matumbawe ya Kenya wanaogelea katika sebule za Ulaya na Marekani, wengine wakiwa wamezaliwa tangini na wengine wakiwa wamevuliwa. Miongoni mwa samaki wa baharini wanaozalishwa kwa wingi kwenye vituo vya ufugaji ni wale wadogo wenye mistari myeupe wanaojificha ndani ya anemoni, ambao jamaa zao wapo pia katika mwambao wa Afrika Mashariki. Watoto wa samaki hao wakianguliwa huwa na midomo midogo mno, na chakula wanachopewa siku za kwanza ni rotifera.